Tupeane uzoefu: ni nani hasa aliyekuonyesha namna ya kuandika kitaaluma?

MwalimuWaStadi
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza, chuo kimoja Tanzania Bara. Kila mwaka mpya wa masomo naanza na kazi ileile: kurasa mbili, toa hoja moja uitetee. Wanaokuja kwangu si wavivu, na kidato cha sita wamefaulu. Muulize mmoja ana kwa ana, kwa Kiswahili, kuhusu mikopo ya elimu ya juu au bei ya mbaazi, atakupangia sababu moja baada ya nyingine mpaka umkubalie. Mwambie aandike, utapokea aya zilizotoka kwenye madesa (maelezo ya kunakiliana), zimejaa maneno mazito, na humo ndani yeye mwenyewe humuoni.

Historia tunaijua. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiendelee sekondari kuanzia 1985, serikali haikukubali. Sera ya 2014 ikafungua mlango kwa lugha zote mbili, ila sekondari kazi bado inaendeshwa kwa Kiingereza. Hayo yananiuma, lakini leo naomba kitu kingine. Wewe uliyeweza, mtu alikufanyia nini hasa? "Soma sana" nimeshaisikia. Nataka kujua alikaa nawe vipi na alikuonyesha nini.

Nachingwea_Binti
Shikamoo mwalimu. Kwangu ni mwalimu wa baiolojia, kidato cha pili, shule ya kata. Ile kozi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo kidato cha kwanza ilikuwa imepita, na wengi wetu tulikuwa tunanakili ubao bila kuelewa.

Yeye alikuwa na utaratibu wake. Tukifanya jaribio, kwa mfano la jani lililofunikwa na lililoachwa juani, alituacha tubishane kwanza kwa Kiswahili. Kwa nini hili limegeuka bluu-nyeusi kwa iodini na hili halikugeuka? Anasikiliza tu. Tukishakubaliana, anaandika ubaoni mifupa ya sentensi za Kiingereza yenye mapengo: tulichofanya, tulichoona, na sababu tunayoitoa kwa tulichokiona. Tunajaza. Wiki zikapita akaanza kupunguza mifupa, mara anaacha neno la kuanzia tu, mwisho akaacha ubao mtupu. Tayari tulikuwa tunaandika ripoti.

Mkaguzi alipokuja tuliambiwa Kiswahili marufuku darasani. Siku hiyo hakuna aliyenyoosha mkono.

Kipepeo wa Kakamega
Hamjambo nyote. Mimi nina kisa cha upande wa pili, kwa sababu taabu yangu ilikuwa kwenye Kiswahili chenyewe.

Huku Kenya tulilelewa na insha. Shule ya msingi hadi karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alama zilikwenda kwa aliyepamba: methali mwanzoni, tashbihi kila aya, jua lichomoze kwa madaha, ndege watumbuize. Nilikuwa hodari, insha zangu zilisomwa mbele ya darasa. Nikaenda chuo kikuu kusoma Kiswahili, kazi ya kwanza ya isimu ikarudi na mstari chini ya kila methali na swali pembeni: "Ushahidi uko wapi?"

Mhadhiri huyo, Mungu ambariki, hakuishia kwenye kalamu nyekundu. Alichukua aya moja ya makala ya jarida la Kiswahili, akaikata sentensi moja moja kwa mkasi, akagawa vikaratasi kwa vikundi. Panga upya, kisha uniambie kwa nini hii iko kabla ya ile. Tulibishana saa nzima! Ndipo tukaanza kuona kwamba kuna sentensi inayodai, kuna inayoleta data, kuna inayoeleza data hiyo inahusianaje na dai, na kuna inayokiri mpaka wa dai. Ile ya mwisho sikuwahi kuandika maishani. Katika insha ya shule ukisema "huenda" au "inaelekea" unaonekana hujui. Katika makala, ndipo msomaji anapokuamini.

Naomba nisieleweke kwamba naidharau insha. Sikio la lugha nililipata huko. Ila hakuna aliyetuambia kwamba kuna uandishi wa aina nyingine, wenye sheria zake, mpaka tulipoanza kupoteza alama.

Mzalendo_Dar
Mwalimu, kwa heshima. Hao watoto wapewe Kiingereza kingi zaidi tangu chekechea, tatizo litaisha. Majarida makubwa ya utafiti yanaandikwa Kiingereza.

MwalimuWaStadi
Kaka, Kiingereza chao ni kazi yangu ya kila siku, nakitaka kama unavyokitaka. Lakini soma tena alichosimulia dada wa Nachingwea. Penina Mlama na May Matteru walilichunguza hili kwa niaba ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, miaka ya 1970, wakakuta wanafunzi wanaonyamaza swali likija kwa Kiingereza wanachangamka likija kwa Kiswahili. Hoja inaundwa kwanza mahali fulani. Tukimziba mdomo pale inapoundwa, tutasahihisha sarufi ya kitu ambacho hakipo.

BabaZawadi
Niko Kentucky, Marekani, familia yetu ni ya Kivu Kusini. Nichangie kama mzazi.

Binti yangu alifika hapa akiwa na miaka tisa. Kabla ya miaka miwili kutimia alikuwa anatutafsiria hospitalini, Kiingereza kinamtoka kama waliozaliwa hapa. Shule ikamwondoa kwenye vipindi vya msaada wa lugha. Alama zikaanza kushuka, hasa sayansi na historia, na mimi nikawa namgombeza kwamba anacheza na simu. Mwalimu mmoja mama wa makamo ndiye aliyenikalisha chini akanieleza kuhusu Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha wa Kanada, ambaye tangu 1979 amekuwa akitenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo. Ya maongezi mtoto huipata kwa takriban miaka miwili. Ya masomo huchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake wa darasa.

Aliniambia pia jambo lililonishangaza: nyumbani tuendelee na Kiswahili, na tusiishie kwenye "kula" na "lala". Tumuulize kwa nini, kisha atetee jibu. Sasa jioni namwambia anieleze somo la siku kwa Kiswahili, nambishia kwa makusudi. Maneno yakimpungukia tunayatafuta pamoja. Mwalimu wake anasema maandishi ya shuleni yamebadilika.

Bukavu_243
Baba Zawadi, salamu kutoka nyumbani. Huku sisi ni Kifaransa, na somo la mbinu za utafiti lipo kwenye ratiba. Ila wengi tulijifunza kuandika TFC, ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo, kwa kuazima TFC ya mkubwa aliyetangulia na kufuata umbo lake. Kama ile uliyoazima ilikuwa mbovu, ubovu unarithiwa. Mwenye bahati alipata nzuri.

MtafitiUdongo
Mimi ni wa sayansi ya kilimo, Morogoro. Kilichonifungua ni hatua tatu za utangulizi alizozieleza John Swales, mtaalamu wa uandishi wa kitaaluma, katika kitabu chake cha 1990. Kwanza onyesha uwanja na umuhimu wake. Pili onyesha pengo, yaani kitu ambacho waliotangulia hawajakigusa au wamekigusa nusu. Tatu ingia mwenyewe kwenye pengo hilo. Swales aliwahi kufundisha Khartoum miaka ya 1970, wanafunzi ambao lugha yao ya nyumbani haikuwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa anawajua watu wa aina yetu.

Baada ya hapo nilichukua makala kumi hivi za udongo nikazipaka rangi tatu. Zilikubali karibu zote. Niliyoyaona kwa macho yangu yalinisaidia kuliko warsha yoyote.

Mama_Tasnifu
Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha. Yangu ni ya shahada ya uzamili, Dar es Salaam, tasnifu kwa Kiswahili.

Sura ya pili, mapitio ya maandiko. Kila mtu anajua inavyokuwa: Fulani (2003) anasema hivi, Fulani (2008) anasema vile, kurasa thelathini. Msimamizi wangu aliirudisha haina hata alama moja ya kalamu. Akaniita, akafunga mlango, akasema: "Funika karatasi. Niambie hawa watu wanagombania nini."

Nikamwambia kwa mdomo. Kundi moja linaona mabadiliko haya ya lugha yanatokana na shule, kundi la pili linasema ni mji na biashara, na wapo wawili wanaosema swali lenyewe limeulizwa vibaya. "Na wewe uko wapi?" Nikasita. Akasubiri. Alisubiri kweli, hakunijibia. Nilipomaliza kusema akanisukumia kalamu: "Hayo uliyosema ndiyo sura ya pili."

Kuanzia hapo nilichora jedwali. Sikuandika tena mtu mmoja aya moja, aya ikawa ya mgogoro mmoja, na watu wanaingia humo kwa kazi wanayoifanya: huyu anaunga mkono, huyu anapinga, huyu anaongeza sharti. Vitenzi vyenyewe vikabadilika. "Anasema" ikapungua, zikaja "anadai", "anathibitisha", "anatilia shaka". Na kila mwisho wa aya sentensi moja yangu mimi. Sasa nami nasimamia wanafunzi, na namwomba kila mmoja anisimulie sura kwa mdomo kabla ya kuiandika.

Fresha2
Shikamooni. Mimi ni mwaka wa kwanza. Wengi wetu tunaandikiwa na programu za akili bandia, nisiseme uongo, kwa sababu Kiingereza chake ni safi. Lakini nikiulizwa swali kwenye semina nashindwa kujibu kilichomo kwenye kazi yangu. Mama Tasnifu, jedwali lako lilikuwaje? Nina wasilisho Alhamisi.

Mama_Tasnifu
Marahaba mwanangu. Safu nne zinatosha. Ya kwanza: mwandishi na mwaka. Ya pili: anadai nini, kwa sentensi moja ya maneno yako, Kiswahili kama ndicho kinachokuja haraka. Ya tatu: ana ushahidi gani, aliupata wapi na kwa nani. Ya nne: unakubaliana naye wapi na unamuachia wapi. Jaza kwa mkono. Safu ya nne usiiruke hata kama unaandika "sijui bado, kwa sababu…", maana baada ya hiyo "kwa sababu" ndipo utapata la kusema Alhamisi. Ukimaliza makala tatu, piga picha uitume hapa tuione.