Kilo 131, sukari na presha: nani humu kashafanya operesheni ya kupunguza tumbo?

MamaWawili_Kimara:

Habari zenu wanajamvi. Naenda moja kwa moja, nina miaka 39, urefu sentimita 160, kilo 131 kwa mzani wa kliniki ya sukari wiki iliyopita. Sukari ilianza na mimba ya pili haikuondoka tena, presha ikafuata, magoti ndo usiseme. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili na ngazi zile nasimama katikati najifanya nasoma meseji kumbe natafuta pumzi. Usiku mume wangu anasema nakoroma halafu ghafla nanyamaza kimya kabisa, kidogo nashtuka na mguno kama mtu aliyetolewa majini, ameshazoea sasa ananisukuma tu nigeukie ubavu.

Diet nimefanya zote mnazozijua nyie. Maji ya ndimu na tangawizi, kula mara moja kwa siku, kuacha wanga kabisa (hiyo nilishuka kilo 14 hadi sendoff ya mdogo wangu watu wakawa wananiuliza siri, mwaka haukuisha zikarudi zote na zikaja na wageni), na zile poda za wale jamaa wa kuuza virutubisho zimekula hela yangu ya kikoba hivi hivi naona.

Sasa daktari kanambia nifikirie operesheni ya kupunguza tumbo. Akataja slivu, akataja baipasi, akasema kuna na puto, foleni nje ilikuwa ndefu hakufafanua sana. Nyumbani ni vita. Mama anasema tumbo alilokupa Mungu unaenda kulikata kisa uvivu wa kutembea, wifi yangu naye kila siku kuna mtu wa jirani yao alifia India. Naomba aliyefanya anieleze ukweli, inakuwaje baada ya hapo, unakula nini, uzito unarudi au haurudi, na kwa sukari yangu hii inasaidia kweli au ni mambo ya urembo tu?

ChumaChaReli:

Dada acha ugali, acha soda, amka saa 11 alfajiri utembee kilomita 5. Bibi zetu walilima na jembe la mkono hawakujua hayo mambo ya slivu. Watu mnapenda njia za mkato.

DeraLimenipwaya:

Mleta mada karibu kwenye chama. Chuma nitakurudia baadae.

Mimi nilifanya slivu Chennai, India mwaka 2021, niliingia na kilo 138. Kabla ya operesheni wiki mbili unakula vitu vyepesi sana, protini na mboga na maji maji, wanga karibu hamna, na hiyo sio ya kukutesa, ini la mtu mnene linakuwa limejaa mafuta na linalalia tumbo, wanataka linywee ili daktari apate njia. Operesheni yenyewe hawakupasui kama ya kizazi, wanatoboa vitundu vidogo wanaingiza kamera, wanakata tumbo kwa urefu na kulibana kwa pini maalum, robo tatu na zaidi ya tumbo inatolewa nje na haitarudi tena, kinachobaki ni kama ndizi mbivu moja hivi. Ile sehemu inayotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwahiyo mwanzoni unaweza kupitisha siku nzima ukasahau kula, mimi ambaye nilikuwa naamka usiku wa manane natafuta kiporo!

Ila sasa sikiliza yanayofuata maana haya hawayaweki kwenye zile picha za kabla na baada. Siku za kwanza maji unayanywa kwa kijiko. Kijiko, sio glasi. Baadae supu ya kuku iliyochujwa, mtindi, uji mwepesi, halafu vya kupondwa, samaki, mayai, maharage yaliyosagwa. Kula na kunywa unatenganisha, ukila unasubiri kama nusu saa ndo unywe. Nilienda harusi ya binti wa shangazi yangu miezi michache baada ya kurudi, nimewekewa sahani ya pilau imepanda mlima, nikala nyama vipande viwili nikaweka pembeni, mama mmoja wa kamati kaja kasimama juu yangu, vipi mwanangu chakula chetu kibaya? Nikaona aibu nikaongeza kipande cha chapati nikakimeza haraka haraka. Kilinasa hapa kifuani, mate yakaanza kujaa mdomoni ya povu, nikakimbilia chooni na gauni la sare nikatema hadi kikatoka. Chapati na mkate laini na ugali mkavu mpaka leo naviheshimu.

Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne baada ya operesheni, nikichana zinabaki kwenye kitana, zilirudi baadae. Ngozi ya mikono na tumbo imening'inia, nyama uzembe zimeisha kabaki mfuko wake. Uzito nilishuka hadi 84, kisha ukapanda ukasimama kwenye 91 na hapo nipo. Kwahiyo ndio unarudi kidogo, na wapo waliorudi karibu wote, tumbo lina ukubwa mdogo ila soda na juisi na aiskrimu vinapita vizuri tu, ukiamua kuishi navyo operesheni haina mkono wa kukuzuia.

Na hela. Kila mtu anauliza operesheni bei gani, yangu na tiketi mbili na hoteli ya dada aliyenisindikiza ilienda kwenye milioni 20 na kitu. Sawa. Ila ulizeni na vitamini za kila siku mpaka unaingia kaburini, na vipimo vya damu kila baada ya muda, na daktari wa hapa Dar atakayekuangalia wakati yule aliyekukata yuko ng'ambo ya bahari. Hapo ndo wengi wanaanguka. Usipande ndege kama hujajua nani atakupokea ukirudi.

NesiWaUsiku:

Mdogo wangu mleta uzi, mimi ni muuguzi, sio daktari wa upasuaji, ila nimewahudumia hawa wagonjwa kabla na baada.

Kwanza hesabu ya BMI, yaani uzito kwa kilo unagawa kwa urefu wa mita mara urefu. 1.6 mara 1.6 ni 2.56, kilo 131 gawa kwa hiyo unapata 51. Vigezo vya zamani vya mwaka 1991 vilikuwa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama sukari au presha. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha, 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 wakafungua mlango kwa mwenye sukari. Wewe na 51 na sukari na presha umevuka vigezo vyote, wala daktari wako hakukurukia. Hiyo sio habari ya urembo.

Kuhusu sukari, ndio inasaidia, na cha ajabu inaanza kushuka siku chache tu baada ya operesheni hata kabla uzito haujashuka wa kuonekana, hasa kwenye baipasi, kwasababu chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo na homoni zinabadilika. Wengine wanaacha dawa kabisa kwa miaka, wengine zinapungua tu, na ambaye sukari yake ni ya muda mrefu na yuko kwenye insulini matumaini ni madogo kidogo. Na hapa pana hatari watu hawaijui, ukirudi nyumbani ukaendelea na dozi zile zile za insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamaidi huku unakula vijiko vitatu, sukari itashuka utazimia. Dozi zipangwe upya kabla hujatoka wodini.

Slivu au baipasi? Una kiungulia? Kama unacho kikali, slivu inaweza kukizidisha, hapo wengi wanashauri baipasi. Kwenye baipasi wanatengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo wanakiunganisha na utumbo mdogo moja kwa moja. Mwenye baipasi akae mbali kabisa na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinaleta vidonda kwenye maungio, na nyie wenye magoti mabovu najua diklofenaki mnavyoila kama karanga. Aambie kila duka la dawa.

Ule mkoromo unaokata pumzi ni ugonjwa, una jina lake na mashine yake. Mwambie daktari atakayekulaza usingizi wa operesheni kabla ya yote, usimfiche hata kidogo.

Vifo vipo, wifi yako hajatunga. Ila kwenye vituo vinavyofanya operesheni hizi kwa wingi ni wachache sana, chini kabisa ya mtu 1 kwa kila 100, hatari yake wanailinganisha na ile ya kutoa kifuko cha nyongo. Kinachoua ni damu kuganda miguuni ikapanda kwenye mapafu, na mshono kuvuja. Ndo maana watakuamsha utembee siku ile ile unalia. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya bega la kushoto wiki za mwanzo, usisubiri kesho, nenda hospitali. Na ukitapika mfululizo siku kadhaa wakuwekee vitamini B1, upungufu wake unaharibu ubongo na macho na mtu anabaki hivyo.

Na uzazi, sijui kama umefunga hesabu. Ukipungua yai linaamka, watu wanashika mimba bila kutarajia, na inashauriwa usubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya majira baada ya baipasi usivitegemee, weka kitanzi au kijiti.

PutoLaMwakaJuzi:

Kwenye puto niulizeni mimi. Wala huendi India, hata hospitali ya Mloganzila hapa Dar wanaweka. Hakuna kisu, wanapitisha kwa mdomo, wanalijaza likiwa tumboni. Wiki ya kwanza nilitapika mpaka nikamwambia mke wangu nikifa wasiniandikie sababu kwenye tanzia. Baada ya hapo likatulia. Langu lilikaa miezi sita likatolewa, nilipungua kilo 15, kumi zimesharudi. Kwa kilo zako mdogo wangu, puto naliona ni la kukuandaa tu, au la mtu mwenye kilo 20 za kutoa.

ChumaChaReli:

Mnamtisha na kumpamba kwa wakati mmoja. Si kuna zile sindano za kupunguza uzito za Ozempic siku hizi? Hata hiyo bora kuliko kukatwa.

DeraLimenipwaya:

Chuma haya nimekurudia. Dada kasema kashuka kilo 14 kwa kuacha wanga. Mvivu anashusha kilo 14? Mwili wa mtu aliyefika kilo 130 ukipungua unapigana kurudi, njaa inaongezeka, matumizi ya nguvu yanapungua, hiyo ndo vita aliyopigana na wewe unamwambia aamke saa 11. Bibi zetu walikuwa hawakai kwenye daladala masaa mawili kwenda na mawili kurudi ndo waingie jikoni.

NesiWaUsiku:

Sindano zinafanya kazi kaka, sibishi, na kwa sukari ni nzuri. Ila ukiacha uzito mwingi unarudi, na bei ya kila mwezi aiulize kwanza. Na asinunue za mkononi, feki zimejaa.

BabaShiru_Nairobi:

Salamu kutoka Kenya. Mke wangu alifanyiwa baipasi hapa Nairobi. Insurance yetu ilikataa kulipa ati ni mambo ya urembo, na mwanamke ana sukari na presha na barua ya daktari mkononi, tukauza kaploti tulikuwa nako. Yeye chai ya maziwa na sukari nyingi pamoja na mandazi mawili, ile breakfast ya kila nyumba hapa kwetu, siku ya kwanza aliyojaribu alianza kutoa jasho, moyo ukaenda mbio, tumbo likakoroga, akalala kwa sofa saa nzima akidhani anakufa. Daktari akasema ni sukari ya ile chai imeingia kwa utumbo haraka kupita kiasi. Tangu hapo chai ni bila sukari, na sisi wote nyumbani tumefuata, mimi mwenyewe nimepoteza kilo saba bila kuguswa na mtu. Dadangu, mtu wa kupika hapo kwako ni nani? Huyo ndiye wa kwanza kukaa naye chini.

MamaWawili_Kimara:

Asanteni sana jamani, hata Chuma asante. Wa kupika ni mimi na dada wa kazi, na anayenunua soda ni mume wangu, nimemsomesha huu uzi wote jana usiku amenyamaza tu anakuna kichwa. Kiungulia ninacho ila sio cha kila siku. Kuhusu mkoromo nitaanza na hilo. Dada Dera, mie ni mtu wa kufunga, Ramadhani inakuwaje? Na hizo vitamini ni zipi maana duka la jirani hapa wananionyesha za watoto.

DeraLimenipwaya:

Ramadhani ya kwanza sikufunga, daktari alikataa, maji tu kuyafikisha lita moja na nusu kwa siku nzima ilikuwa kazi, sasa kuyabana kati ya magharibi na daku si ungeokotwa. Nililipa fidia. Siku hizi nafunga, nafungulia maji kidogo kidogo na tende moja, naenda kuswali, futari baadae tena nusu kibakuli, protini kwanza, viazi mwisho kama pana nafasi.

Vitamini ni multivitamini ya watu wazima, madini ya chuma, B12 (mimi nachoma sindano), kalsiamu na vitamini D. Chuma na kalsiamu usinywe pamoja, zipishane masaa mawili, vinapigana. Mimi chuma asubuhi, kalsiamu mchana na usiku. Za watoto waachie wenyewe. Njoo PM nikupe jina la duka Kariakoo, ila usiende Jumamosi.