Tangi la lita 540 sebuleni kwa ajili ya Mzee: naombeni ushauri kabla sijamlipa fundi

MamaIlham

Wakuu habari za jioni.

Baba yangu ana miaka 74. Kazaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kavua tangu ujana wake, na mwaka jana mguu ulipomshinda nikamchukua nikaja naye kwangu Tabata, Dar. Kila asubuhi anakaa kwenye kiti kimoja pembeni ya dirisha akiangalia ukuta wa jirani. Hajawahi kulalamika, lakini mimi ni mwanawe, namjua. Nimeamua nimjengee tangi kubwa la samaki mkabala na kile kiti, na ndani nataka samaki wa ziwani kwao, siyo wale wekundu wa madukani.

Hali ilivyo: nyumba ni ya chini, sakafu ya zege yenye vigae. Fundi kanipa vipimo vya urefu sm 150, upana 60, kimo 60, kioo cha mm 8, juu ya meza ya mbao. Bomba linatoka siku mbili tatu kwa wiki. Jirani ana kisima, maji yake yana chumvi hata chai haifai. Umeme unakatika kama kwenu nyote.

Je, kioo hicho kinatosha? Nitumie maji gani? Na samaki gani? Baba anataka mgebuka na kuhe. Fundi anasema Jumamosi anamaliza, Jumapili naweza kuweka samaki. Nina milioni mbili na nusu, sina za kurudia.

fundi_vioo

Dada, usimlipe bado. Mm 8 kwa kimo cha 60 na urefu wa mita moja na nusu, mimi sikati. Kioo kitatuna katikati, na siku silikoni ikichoka maji yote yako sebuleni. Mm 10 ndiyo mwisho wa chini, tena kukiwa na mikanda ya kioo juu inayoshika mbele na nyuma. Kwangu ningekata mm 12 nikalala usingizi.

Kuhusu silikoni, mwambie asilete ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile inaua samaki. Atafute silikoni tupu, inayonuka kama siki ikiwa mbichi. Akishabandika, tangi likae wiki nzima bila kuguswa, halafu lijazwe maji nje uani siku mbili tatu mkikagua kona. Usikubali lijazwe mara ya kwanza likiwa ndani.

Piga hesabu ya uzito. Maji peke yake lita 500 ni kilo 500. Kioo cha mm 12 kwa vipimo hivyo kinakaribia kilo 100. Ongeza mawe na mchanga unaelekea kilo 700. Sakafu ya chini ya zege inabeba, meza ya mbao ya sebuleni haibebi. Chomelea fremu ya chuma, weka ubao mzito juu yake, kisha karatasi ya stairofomu ndipo tangi likae. Na pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, iwekwe pande zote nne kabla ya kumwaga hata ndoo moja. Fremu ikiinama kidogo tu kona moja, kioo kinabeba mzigo upande na ndipo kinapopasuka.

Kibirizi

MamaIlham, msalimie sana Mzee, mwambie shikamoo kutoka kwa mtoto wa Kibirizi, Kigoma. Nimelisoma swali lako mara tatu. Mimi nafuga samaki wa mawe wa Tanganyika hapa Dar mwaka wa 14 huu, na kilichonileta kwenye haya mambo ni hicho hicho kinachomkalisha baba yako dirishani. Nitakuandikia kirefu.

Kwanza mgebuka na kuhe. Haiwezekani, na ni vizuri umwambie mapema asije akakaa anawasubiri. Mgebuka ni samaki wa maji ya wazi, anakimbiza dagaa usiku na mchana kilomita kwa kilomita, ndani ya kioo atajigonga mpaka afe. Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo wa sato, anazidi nusu mita, tangi lako lingekuwa beseni kwake. Lakini Mzee ana samaki wengine anaowajua na pengine hajawahi kuwaita kwa jina: wale wadogo wa kwenye mawe, walioparuza ukungu wa kijani miguuni mwake alipokuwa mtoto anaoga ziwani. Hao ndio wa kumletea. Ziwa lile lina aina zaidi ya 200 za ukoo huo na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotelea. Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ndiyo katikati) iko kati ya 8.6 na 9 na kitu. Kisima cha jirani kisikudanganye kwa sababu "nacho kina chumvi". Chumvi ya pwani ni ya bahari, ya ziwani ni ya mawe, ni vitu viwili. Tumia ya bomba. Yahifadhi kwenye simtanki ya lita 500, tumbukiza jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu kwa pampu, liache lipulize siku moja hadi mbili klorini itoke, au weka matone ya kuua klorini. Kupandisha pH, weka changarawe ya matumbawe yaliyokufa na makombe ya baharini ndani ya chujio. Yaoshe mpaka uonje maji yasiwe na chumvi hata kidogo. Usichukue matumbawe yaliyo hai, yaache baharini.

Jumapili hakuna samaki. Naomba hili ulishike kuliko yote. Samaki wakila wanatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina hao bakteria. Wanachukua wiki nne mpaka sita kuota kwenye chujio na mawe. Na kwa samaki wetu ni hatari zaidi: kwenye pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata 1 kwa mia, kwenye pH 9 inapita theluthi. Kosa ambalo mwenye samaki wa mtoni analisamehewa, wewe utazika. Tia maji, mawe, washa chujio, tupia kamba mmoja mbichi aoze humo, nunua kipimo cha matone, pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda ishuke, nitriti ipande ishuke. Zote mbili zikisoma sifuri kwa wiki nzima, ndipo samaki.

Umeme. Nikueleze kilichonipata. Nilikuwa na chujio moja la kanista, lile la kopo lililofungwa linalosukumiwa maji kwa pampu, zuri, la gharama. Siku moja umeme ukakatika kwa saa tisa mfululizo nikiwa kazini. Niliporudi ulikuwa umesharudi na chujio linanguruma kama kawaida. Nilisikia harufu ya yai bovu kabla sijawasha taa. Samaki wote walikuwa juu, midomo imetoboa uso wa maji, mashavu yamefunguka yanaonyesha matamvua mekundu ya ndani, wanahema upesi upesi. Bakteria ndani ya kanista walikosa hewa wakafa wakaoza, na umeme uliporudi pampu ikawamwagia samaki uozo ule wote. Nilipoteza 18 kufika asubuhi, wakiwemo niliowalea kutoka mdomoni mwa mama yao. Tangu siku ile natumia machujio makubwa mawili ya sponji yanayoendeshwa na pampu ya hewa, na pampu ipo kwenye betri. Ni rahisi na hata mtoto wako anaweza kuyakamua. Yakamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe si ya bomba, klorini itaua ulichokingoja wiki sita.

Mawe yapange kabla ya mchanga, yakalie kioo cha chini, na kipande cha plastiki katikati. Hawa samaki wanachimba. Ukiweka jiwe juu ya mchanga, watauondoa chini yake na jiwe litaangukia kioo.

MamaIlham

Kibirizi, Mungu akubariki. Nimemsomea Baba yote kwa sauti. Kuhusu mgebuka akanyamaza, akasema "anasema kweli huyo, mgebuka hata kwenye mtumbwi hakai hai". Wale wa miguuni anawakumbuka! Ameinua suruali kunionyesha walipokuwa wanamparuza.

Fundi nimemrudisha, anakata mm 12. Niambie sasa ninunue aina gani, na chakula. Baba ameshaanza kuuliza kama watakula dagaa.

Kibirizi

Hapo kwenye dagaa umenishtua, ngoja nijibu upesi.

Wale wanaoparuza mawe, akina Tropheus, utumbo wao ni mrefu kama wa mla majani. Dagaa, nyama, ugali, vyote vinawavimbisha tumbo, wanatoa kinyesi cheupe kama uzi, na ukishaona hivyo mara nyingi umechelewa. Chakula chao ni cha mwani, spirulina, kidogo mara mbili tatu kwa siku. Halafu wanataka kundi, kuanzia 15 na kuendelea, wakiwa sita wanauana mmoja mmoja. Kwa mwaka wa kwanza usiwaguse. Najua ndio Mzee anaowakumbuka, waje mwaka wa pili mkono ukiwa umezoea.

Anza na hawa. Chini kwenye mchanga, kundi la Neolamprologus multifasciatus, wadogo wa sm 4 tu, wanaishi ndani ya makombe ya konokono. Kila mmoja ana kombe lake, analisogezea mchanga kwa mdomo, analinda mlango, na baada ya miezi utaona watoto wadogo kama punje ya mtama wakichungulia. Mawe ya upande mmoja, jozi ya Julidochromis. Juu, Cyprichromis kumi na mbili, wembamba, madume wana mapezi ya buluu na njano, wanaelea pamoja na majike hubeba mayai mdomoni. Hao wanaruka, funika tangi lote. Usiuziwe frontosa mdogo eti "hatakua". Anapita sm 30, na kule ziwani anawala hao hao Cyprichromis.

Tafuta waliozaliwa tangini kwa mfugaji. Wamezoea, na hakuna aliyekamatwa ziwani bila kibali. Wanakula mchanganyiko mzuri wa kopepodi (vijidudu vidogo vya majini) na kamba waliosagwa. Mzee mpe kijiko kidogo chake, awe ndiye mlishaji, ila kijiko kiwe kidogo kweli.

Lemara

Nachangia kidogo nikiwa Arusha. Huku tunahitaji hita, ninyi Dar shida yenu ni kinyume. Januari na Februari maji yatafika 31. Ziwani ni 24 hadi 27. Maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Fungua kifuniko weka wavu, elekeza feni ndogo juu ya maji, inashusha digrii mbili tatu. Maji yatakauka haraka, jazia kila siku. Na tangi lisiangalie dirisha la jua la jioni.

MamaIlham

Narudi kuwapa habari. Tangi lilikaa uani siku tatu limejaa, halikutoa hata tone. Liliingia ndani na vijana sita.

Leo ni siku ya 23 tangu tuwashe machujio. Hakuna samaki hata mmoja. Amonia imeshuka mpaka 0.5, nitriti bado zambarau iliyokolea, yaani iko juu. Baba ndiye anayepima, ana daftari la shule la Ilham, anaandika tarehe na rangi.

Juzi nilirudi kazini nikakuta mawe yamepangwa upya. Kasimama peke yake na fimbo, mkono mzima ndani ya maji hadi begani, shati limelowa. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema nilivyopanga mimi kila pango lina mlango mmoja, na samaki wa mawe hakai palipo na mlango mmoja, akifuatwa hana pa kutokea.