Naomba ushauri: wachoraji wa mtaani kufundisha uchoraji wa Tingatinga kwenye kituo chetu cha njia mbadala

MwalimuIjumaa
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kwenye kituo cha elimu ya sekondari kwa njia mbadala, Temeke. Nina wasichana 24 waliokatiza masomo. Wanasoma kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, Novemba wanakaa Mtihani wa Maarifa. Wachoraji wa mtaani wamekubali kuja kila Ijumaa, saa nane hadi kumi na nusu, wiki nane. Wao wataongoza, sisi walimu tutakaa pembeni. Mkuu wa kituo anataka orodha ya vifaa Jumatatu, na nikikosea hatanipa nafasi nyingine. Bodi ngapi zitatosha? Usingizi umenipaa.

Hesabu_Kwanza
Mwalimu, Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umewafungulia mlango waliokatiza masomo, hata kwa ujauzito. Mlango huo unapita kwenye mtihani. Saa mbili na nusu mara wiki nane ni saa 20. Ukizitoa kwenye Hesabu umewaonea hao mabinti.

FutiNane
Kaulizia bodi. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 32 vya futi moja kwa moja. Wanafunzi 24 wanatoshwa, vinane vinabaki kwa watakaoharibu. Msumeno unakula milimita mbili tatu kila mkato, kwa hiyo mwambie fundi agawanye kwa usawa, asing'ang'anie futi kamili, la sivyo safu ya mwisho itakuwa nyembamba. Brashi ni namba 2 na namba 6 kwa kila mmoja, za inchi moja ziwe sita za kuzungushiana.

Mzee wa Brashi
Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, akafariki 1972. Kwa miaka hiyo michache aliwafundisha jamaa zake kwa kuwakalisha kando yake wakifanya kazi. Utaratibu ni uleule hadi leo: rangi ya nyuma kwanza, ikikauka unaweka mwili wa mnyama, halafu madoa na mistari. Usiwalazimishe tembo na twiga kwa ajili ya watalii. Tingatinga za soko, za hospitali na za foleni ya maji zipo tele. Waulizwe mabinti wanataka kuchora nini.

Nesi_WaUsiku
Mwalimu, mbona hujasema rangi ni ya aina gani na chumba kikoje? Na ndani ya chumba kuna nani zaidi ya hao 24?

MwalimuIjumaa
Rangi ya mafuta, ile ya kung'aa. Madirisha mawili, yote upande mmoja. Na wanafunzi tisa wanakuja na watoto wao wachanga, hawana wa kuwaachia. Wanalala kwenye mkeka nyuma ya darasa. Sikuandika kwa sababu najua mjadala ungegeukia watoto. Rangi nimeshanunua lita 12, wachoraji wamepokea nusu ya malipo. Tingatinga bila mng'ao si Tingatinga. Tutafungua madirisha.

Nesi_WaUsiku
Madirisha ya upande mmoja hayapitishi hewa ya kutosha. Mvuke wa tina, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, ni mzito kuliko hewa, unashuka sakafuni, na sakafuni ndiko waliko watoto. Rangi za mafuta zilizopimwa nchini baadhi zilikutwa na madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Na tafadhali, tina isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa msimtapishe, ikipanda huingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe.

Msomaji_Makini
Mimi uzi huu siuamini. Lita moja ya rangi ya mafuta inafunika mita za mraba kama 10. Bodi nzima haifiki mita 3. Mchoraji gani angeagiza lita 12? Hili ni andiko la kuombea fedha, na watoto wamewekwa ili tuhurumie.

MwalimuIjumaa
Hakuna mchoraji aliyeagiza. Nilinunua mwenyewe kabla ya kuwauliza. Rangi sita, makopo mawili mawili ya lita moja. Moja jeupe nililifungua kujaribu, asubuhi nikakuta limeota utando kama wa maziwa, nikiugusa unajikunja. Baada ya kumsoma Nesi nimekwenda kupima: kutoka mkeka hadi meza ya brashi ni hatua nne. Yupo mtoto wa miezi kumi, anazitambaa hizo kabla mama yake hajageuka. Sina la kujitetea.

Mzee wa Brashi
Basi shida ilianzia dukani. Ukisema wanaongoza wao, waulize kabla ya kununua. Waite kesho waione hiyo nafasi na mkeka.

FutiNane
Makopo 11 ambayo hayajafunguliwa yarudishe na risiti, omba ubadilishiwe rangi ya maji: nyeupe lita 4, na vichupa vya rangi ya kukoleza, nyekundu, njano, buluu, nyeusi. Hadibodi ina unyevu wa mafuta usoni, kwa hiyo piga msasa namba 120, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha paka mkono wa kwanza mwepesi: rangi sehemu nne, maji sehemu moja. Msasa upigwe nje, Alhamisi, watoto wakiwa hawapo. Rangi ya nyuma ipakwe siku hiyohiyo, Ijumaa waanze na mnyama. Mng'ao mnaoutaka utatoka kwenye vanishi mwishoni, wachoraji waipake kwao. Na paka mgongo wa bodi pia. Ukipaka uso peke yake inajikunja kama ganda la muhogo.

MwalimuIjumaa
Nimeongea na mmoja wa wachoraji. Anasema kibaraza kinatosha meza nne, mkeka ubaki ndani. Mgongo wa bodi tupake rangi hiyohiyo au nyeupe tupu?

FutiNane
Nyeupe tupu. Ndipo wataandika majina yao.