Tunakimbia pamoja, wifi anapungua, mimi mzani umegoma: naomba ushauri

Habari zenu wanajamvi. Mimi na wifi yangu tunakaa nyumba moja, tunakula chungu kimoja na kila alfajiri tunakimbia Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite. Yeye sketi zinamvuka. Mimi pumzi imeongezeka na suruali imelegea kidogo kiunoni, ila kilo ni zilezile.

Nimesoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, wa 1994. Jozi 7 za mapacha wa kufanana waliendesha baiskeli za mazoezi siku 93, chakula hakikuongezwa. Kwa wastani walipungua kilo 5, za mafuta, lakini jozi zilitofautiana sana, huku pacha na pacha mwenzake wakikaribiana. Kumbe jeni zina mchango mkubwa, na kwetu mama na shangazi zangu wote wana miili mikubwa.

Mliotoka familia kama yangu, mlifanyaje? Niongeze kilomita au nichanganye na vyuma? Na je, niache mzani nipime kiuno kwa futi kamba? Dawa za kupunguza mwili sitaki kabisa, tafadhali msinishauri huko.