Re: Fomu ya basari imerudishwa, nani anajua?

Mama Rukia, Leicester
Asalaam aleikum jamaa. Kijana wangu yuko Likoni na nyanyake. KJSEA, ule mtihani wa Gredi ya 9, amefanya vizuri, kapangiwa shule ya C1, yaani kundi la juu la sekondari, ya bweni huko bara. Fomu ya basari ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge, chifu kaipiga mhuri, imamu katia sahihi, ofisini wakairudisha: ati mama yuko Uingereza, si mhitaji. Mimi nasafisha maofisi usiku! Sasa wataka uthibitisho wa mapato. Karatasi yangu ya mshahara watakubali, ama mpaka hati ya kiapo? Na niape huku au Mombasa?

Wa Kibokoni, Dubai
Waleikum salaam dada. Mimi walinikwamisha kwa UPI, ile namba ya utambulisho wa mwanafunzi, jina la mtoto halikulingana na cheti cha kuzaliwa. Lakini karo ya nini? Sekondari ni bure tangu enzi za Kibaki, 2008. Serikali yatoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi.

Mwalimu mstaafu, Toronto
Usipotoshe watu, bwana. Hizo 22,244 ni za masomo, tena shule zinazipata kwa vipande na kwa kuchelewa. Bweni ni juu ya mzazi: C1 ni 53,554 kwa mwaka, hapo godoro na sare bado. Isiyo na karo ni ya kutwa, na hata huko chakula cha mchana walipa. Waziri wa elimu Ongeri alipoleta kota 2011, nafasi nyingi za shule za kitaifa wapewe waliotoka shule za serikali, wenye akademi, shule za binafsi, walipiga kelele mpaka basi. Nyali nilimwona mzazi akihamisha jina la mtoto kwenda shule ya serikali, mtoto mwenyewe akabaki akademi! Na wale wa Likoni walioitwa kwa haki yao, wangapi walikosa nauli na karo wakaishia kutwa ya mtaani? Nafasi iligawanywa upya, bei haikuguswa.

Babake Salma, Kent
Mwalimu, huku pia si peponi. Halmashauri za Uingereza ziliombwa tangu 1965 ziache kuchuja watoto wa miaka 11 kwa mtihani. Kent wanao mpaka leo. Wenzake Salma walikuwa na walimu wa nyumbani miaka miwili kabla. Salma alikuwa na dereva wa basi, ndiyo mimi.

Mama Rukia, Leicester
Ahsanteni, lakini karatasi ya mshahara je?

Wa Kibokoni, Dubai
Mwalimu, sikupotosha mtu, nimesema serikali yatoa. Na hiyo CDF Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kuwa yakiuka Katiba, ikaipa mpaka 30 Juni 2026. Pesa ziende shuleni moja kwa moja, mbunge asigawe basari kama pilau ya harusi.

Babake Salma, Kent
Pilau umeitaja wewe! Hapa jirani yangu hajui hata mahamri kwa mbaazi ni nini.

Mwalimu mstaafu, Toronto
Zikienda shuleni, ya kutwa itapata nini na C1 itapata nini? Jibu hilo kwanza, mambo ya mahamri baadaye.