Ukuta wa kioo ghorofa nne Mbezi Beach, fundi anasema hivi muuzaji anasema vile, naombeni ushauri

Mama Ghorofa:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina jengo la biashara Mbezi Beach, upande wa baharini wa Bagamoyo road, chini maduka juu ofisi, ghorofa nne. Zege limeisha, tofali za pembeni na nyuma zimeisha, mbele nimeacha wazi kwa ajili ya kioo, upana mita 14 kwenda juu kama 16 hivi. Sasa fundi alminiamu wa hapa hapa mjini anataka kufunga nguzo moja moja, yaani fremu inajengwa pale pale saiti afu vioo vinapachikwa. Kuna muuzaji mwingine anasema huo ushamba, niagize China paneli zilizokamilika kiwandani, kioo na fremu yake, kontena likifika ni kuning'iniza tu, bei yake karibu mara mbili. Mtoto wa dada yangu naye kaona picha za vioo vinavyoshikwa na buibui za chuma, kang'ang'ania hizo. Kioo ninachopenda mimi ni kile cha bluu cha kujiangalia. Nichukue upi? Wa matusi mpite kushoto.

Kobe Mzee:
Dada, kabla ya mfumo, mbele ya jengo kunatazama wapi?

Mama Ghorofa:
Barabarani mkuu.

Kobe Mzee:
Barabarani kwa hapo ni magharibi. Basi hilo ndo swali lako, mfumo utafuata. Kwa Dar jua la kaskazini na kusini unalizuia na kibaraza kidogo tu maana linakuwa juu ya kichwa, ila la magharibi linakuja limeinama, saa tisa mpaka saa kumi na mbili linaingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi. Kioo cheupe cha milimita 6 kinapitisha karibu asilimia 80 ya joto la jua. Wapangaji wako watafunga pazia mchana kutwa na kuwasha taa, AC haizimwi, afu kila mwezi kesi za luku zinakuja kwako.

Chuma Chakavu:
Si ndo aweke dabo kioo, vioo viwili vyenye uwazi katikati, yaishe.

Kobe Mzee:
Dabo tupu kwa Dar ni kutupa hela mkuu. Dabo kazi yake kubwa ni pale nje na ndani panapotofautiana sana, kama Ulaya nje sifuri ndani 20. Sisi nje 32 ndani 24, tofauti ni nyuzi 8 tu. Kinachotuua ni mionzi ya jua yenyewe, na dabo nyeupe bado inaachia kama asilimia 70. Unachotafuta ni mpako wa kuzuia joto. Ile lo-i laini, mpako mwembamba wa kurudisha joto, lazima ifichwe ndani ya dabo maana ikiguswa na hewa inaharibika, ila kuna mpako mgumu wa kurudisha mwanga unakaa vizuri hata kwenye kioo kimoja. Na usidanganyike na kioo cheusi tii, kile kinameza joto chenyewe kinakuwa kikaango, afu kinakurudishia mgongoni umekaa kwenye meza yako.

Mgosi wa Saiti:
Na hicho cha kujiangalia dada yangu ujue mchana wewe unawaona wao hawakuoni, usiku ukiwasha taa ndani mambo yanageuka, Bagamoyo road nzima wanakuangalia unavyopiga miayo 😂

Fundi Raba:
Nimefunga vioo miaka mingi naomba niongee. Hizo paneli za kiwandani ni kitu kizuri sana mimi sizipingi, ila zimetengenezwa kwa majengo marefu, ghorofa 15, 20, paneli zinafanana mamia kwa mamia, unanyanyua na kreni hujengi jukwaa la nje. Wewe una mita 224 za mraba. Halafu paneli zile zinataka slabu zako zinyooke, na zege zetu tunazijua, ghorofa ya pili imetoka nje sentimita mbili, ya tatu imeingia ndani, ukining'iniza pale haikai. Ya nguzo nguzo fundi anarekebisha kwenye braketi, tundu lake ni refu anasogeza mbele nyuma mpaka uzi unyooke. Na paneli moja ikipasuka miaka mitatu mbele, unasubiri kontena? Buibui waambie wakuwekee pale chini mlango mkubwa, juu usijisumbue.

Ila nguzo nguzo ina ugonjwa wake ambao ni maji. Ndani ya fremu kuna njia ya maji, mvua ikipenya raba inashuka na kutoka kwenye vitundu vidogo kwa chini. Vijana wetu wakiona kitundu wanaona kasoro, wanakijaza silikoni, masika ikija maji yanatokea kwenye dari ya mpangaji. Kabla hujamalizia malipo, piga maji kwa mpira mbele yako, anza chini panda juu polepole, ukianza juu hutajua panapovuja ni wapi. Na alminiamu inatanuka, nguzo ya mita 6 kwenye jua kali inaongezeka kama milimita 4, kwa hiyo pale zinapoungana lazima paachwe nafasi, ukisikia jengo linalia tak tak saa nane mchana ujue fundi alibana.

Bin Kilwa:
Baharini hapo msisahau chumvi. Braketi ya chuma cha kawaida ikigusana na alminiamu, alminiamu ndo inaliwa, weka plastiki katikati na nati za stenlesi.

Chuma Chakavu:
Mi naona jenga tofali weka madirisha, kioo ni sifa tu.

Kobe Mzee:
Anachekesha ila nusu yake ni kweli. Kutoka usawa wa sakafu mpaka kiunoni hakuna anayetazama nje na magoti. Pale jenga tofali kwa ndani, nje ivae kioo kile kile, watu wa barabarani hawatajua. Joto limepungua, na moto pia. Kati ya ukingo wa slabu na kioo panabaki uwazi, moto ukianza dukani unapandia hapo kwenda ofisini, pazibwe kwa rokiwulu, ile pamba ya mawe isiyoungua, sio kwa gipsam. Na acha madirisha yanayofunguka kila chumba, umeme ukikatika jengo lililofungwa lote ni tanuri.

Fundi Raba:
Dada muulize fundi wako swali moja, kioo anakishika kwa kibano na raba au anagundisha kwa silikoni? Kama ni kugundisha, silikoni ndo nguzo yako, hakuna kingine kinachozuia kioo kisimwangukie mtu. Inatakiwa ya kubebea uzito, ipakwe karakana safi bila vumbi, ikae wiki mbili tatu ndo kioo kipande. Na juu ya njia ya watu taka kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, tempa, yaani kioo kilichokomazwa kwa moto kiwandani, peke yake inaweza kupasuka yenyewe tu bila kuguswa.

Mama Ghorofa:
Asanteni sana jamani, nimelala na uzi huu. Nimekubali nguzo nguzo, tofali mpaka kiunoni, kioo chenye mpako mgumu, bluu nimeachana nayo roho inauma. Nimempigia fundi kasema anagundisha. Silikoni kashanunua katoni nne ziko stoo kwangu, zimeandikwa kichina sielewi, nitajuaje ndo yenyewe?

Fundi Raba:
Fungua tyubu moja ukamue kidogo unuse. Ikinuka siki hiyo ni ya bafuni, inakula chuma na kuharibu utando wa kioo. Ya kazi hii haina harufu ya siki, na ukiipata bado taka karatasi ya kiwanda inayosema inabeba uzito.

Mama Ghorofa:
Nimeshuka stoo nimefungua tatu. Hapa nilipo panahitaji kachumbari tu.

Mgosi wa Saiti:
😂😂😂 Risiti unayo?

Mama Ghorofa:
Risiti anayo fundi, na simu sasa hivi hapokei.