Upanga umemtabasamia mwizi! Huyu mwendesha mchezo ana nini na mimi?

Kiapo Mkononi (mleta uzi):
Wadau salaam, ingawa hiyo salaam natoa kwa shingo upande. Tumetoka mezani kucheza Dungeons & Dragons sasa hivi, hata dadu sijazirudisha kwenye kifuko. Yule mwendesha mchezo wenu, msimulizi na mwamuzi wa meza, mnamjua, msiniulize ni yupi, yule wa "sheria ni mwongozo tu jamani", leo kavuka mpaka.

UPANGA UMETABASAMU.

Rudieni kusoma, nawasubiri.

Mimi ni paladini, shujaa wa kiapo kitakatifu. Tangu ngazi ya 1 sijasema uongo, sijapora maiti, nimelala na deraya mwilini huku wenzangu wakinicheka. Yote hayo kwa ajili ya kitu kimoja, Holy Avenger, upanga mtakatifu wa uchawi. +3 ya kupiga na ya kuumiza. Ukikutana na shetani au mfu anayetembea unaongeza dadu mbili za pande 10 za mwanga. Mwenzako akisimama ndani ya futi 10 anapata nafuu dhidi ya uchawi. Na kitabu cha sheria cha 2014 kimeandika, kipofu anapapasa anauona, kwamba wa kufungamana na upanga huo, yaani kuunganisha nafsi nao ili nguvu zake zikutii, ni PALADINI.

Tunafungua jeneza la mawe, upanga huo, ule mkubwa wa mikono miwili. Nanyoosha mkono. Mwizi wetu, haflingi, wale watu wafupi, wa futi 3, anasema "na mimi nijaribu". Meza nzima ikacheka. Mwendesha mchezo hakucheka. Akafumba macho, akatoa ile sauti yake ya kinabii: "Upanga... unamtabasamia."

Unatabasamu kwa wapi? Kwenye makali au kwenye mpini?

Nikamwambia mkuu, huyu mwizi. Akasema moyoni ana upaladini. Moyoni! Huyo huyo aliyemwibia ombaomba bakuli tukiwa njiani! Nikamwambia kwa kitabu hicho hata uwezo wa wezi wa kupuuza masharti ya vifaa vya uchawi unakuja ngazi ya 13, huyu yuko ya 9. Akasema "si anakaribia". Nikamwambia kwa kitabu hicho hicho silaha nzito mikononi mwa kiumbe mdogo inarushiwa dadu mbili, unachukua ya chini. Akasema upanga umejipunguza. Yaani umetabasamu, halafu ukasinyaa kwa mapenzi!

Sitaki ushauri. Nataka mnikasirikie pamoja.

Mzee wa Rungu:
Pole kijana. Halafu nyie mna raha na hamjui. Sisi tulioanzia matoleo ya zamani, kasisi hakugusa kitu chenye makali. Rungu, nyundo, basi. Mchawi alikuwa na jambia, fimbo na vishale, akijitahidi sana anakufa mapema. Masharti yalikuwa masharti.

Kiapo Mkononi:
Asante mzee. Ona sasa, UMETABASAMU.

Dadu Imekwama:
Ngoja kwanza. Mleta uzi, si wewe ndiye paladini wako alibandika ndevu za mbuzi ili afungamane na nyundo ya kurusha ya mbilikimo? Ile inayomrudia mwenyewe mkononi? Nilikuwepo. Gundi ilikuwa bado inachuruzika kidevuni.

Siku Moja Nitashinda:
😂😂😂 NDEVU ZA MBUZI

Kiapo Mkononi:
Zile ndevu nilizigharamia. Na nilirusha dadu ya ushawishi nikapata 19. Hili la leo ni tabasamu la bure! Msichanganye mambo.

Dadu Imekwama:
Na nyundo nayo ilikuonea aibu au ilitabasamu?

Haflingi Halali:
Mimi ndiye mwizi anayesemwa. Kwanza lile bakuli nililirudisha. Pili upanga wenyewe haukunisaidia kitu, kwa sababu shambulio la kuvizia la mwizi linataka silaha ya mbinu, ile ya wepesi wa mkono badala ya nguvu, au ya masafa kama upinde, na ule hata ukisinyaa bado siyo. Nimebeba pambo.

Kiapo Mkononi:
SASA UMEUCHUKULIA NINI???

Haflingi Halali:
Ulinitabasamia.

Mama Fimbo:
Nacheka hapa hadi nimeamsha mtu. Ila mleta uzi kuna kitu hujasema. Wewe una vitu vitatu umeshafungamana navyo, na mwisho ni vitatu. Ungepewa huo upanga ungeacha kipi? Ngao? Mkanda? Au ile nyundo ya ndevu?

Kiapo Mkononi:
Ningeacha chochote. Nilihitaji pumziko fupi la saa nzima tu. Sikupewa hata hilo pumziko.

Mzee wa Rungu:
Toleo la 2000 lilikata mzizi wa fitina. Asiye paladini akishika huo upanga ni upanga tu wa +2, kwaheri. Mwizi akitaka kuudanganya kwamba yeye ni paladini, anarusha dadu ya ustadi, inatakiwa 20. Hakuna cha moyoni.

Siku Moja Nitashinda:
Afadhali nyie mnagombania upanga. Sisi mwendesha mchezo wetu katupa shoka linaloongea. Lina nafsi yake. Kikao kizima mpiganaji na shoka wanazozana nani aongoze. Tumeondoka bila kumwona joka. Shoka lilikuwa limenuna.

Mama Fimbo:
Shoka kununa si kitu. Njooni niwasimulie kwetu. Druidi wangu, mhusika mlinzi wa maumbile, kakatazwa ngao ya chuma kwa sababu kitabu cha 2014 kinasema druidi "hatavaa" deraya wala ngao ya madini. Sawa, nikatii. Lakini huyo huyo anayenikataza ananiruhusu upanga uliopinda, na wa chuma. Tofauti iko wapi?

Dadu Imekwama:
Kwa hiyo druidi akivaa inakuwaje? Analipuka? Hapo kitabu hakijasema kitu.

Mzee wa Rungu:
Havai. Hilo ndilo jibu. Havai kwa sababu hataki.

Mama Fimbo:
Mimi ndiye druidi na mimi nataka!

Kiapo Mkononi:
Wadau, tafadhali, turudi kwenye upanga.

Haflingi Halali:
Mama Fimbo, ukivalishwa ukiwa umelala? Hapo hukutaka.

Dadu Imekwama:
Swali zuri. Na magamba ya joka je? Siyo madini, lakini yanang'aa kama madini.

Mama Fimbo:
Magamba alinikubalia. Ila viatu vyangu vina misumari, tumebishana hapo hadi watu wakaaga.

Siku Moja Nitashinda:
Na bizimu ya mkanda?